Mficha Maradhi: Kutoka Kampala hadi Mbarara kwa Baiskeli

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nilifundishwa chuoni katika mwaka wa kwanza, tukaichambua kama tunavyozichambua nyingine zote: maana ya juu, maana ya ndani na mahali pa kuitumia. Mahali pa kuitumia nilikuwa nimekwisha kupajua. Mwaka mmoja kabla ya kujiunga na chuo, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alipokuwa hai tulisema "anaumwa tumbo". Jina la ugonjwa nililisikia kwa mara ya kwanza siku ya tatu baada ya mazishi, tena kwa kunong'onezwa.

Sisi Baganda shangazi tunamwita ssenga, na kazi ya ssenga ni kubwa kuliko udugu. Ndiye anayemweleza msichana mambo ya mwili wake, yale ambayo mama huona haya kuyatamka mbele ya bintiye. Ssenga wangu aliwafunda wasichana wengi wa mji wetu mdogo ulio karibu na Masaka. Alikuwa na neno la heshima kwa kila kitu. Hata hivyo, alipoanza kutokwa na damu wakati usio wake, alinyamaza karibu mwaka mzima, na alipofikishwa hospitali ugonjwa ulikuwa umeenea. Siandiki haya kwa kumlaumu. Nayaandika ili msomaji aelewe kwa nini mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kuendesha baiskeli zaidi ya kilomita kumi, nilijiandikisha kwa safari ya kilomita 270.

Wazo la safari lililetwa na mwenzetu mmoja aliyesoma habari za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani. Tangu 2004 vikundi vya wanafunzi wa chuo hicho vimekuwa vikiendesha baiskeli kutoka Texas hadi Anchorage, Alaska, zaidi ya maili 4,000, ili kuchangisha fedha za kupambana na saratani na kuzungumza na watu wa njiani. Safari yao huchukua siku 70 hivi. Sisi tulikuwa na siku nne za likizo, baiskeli za kuazima na barabara ya Masaka. Tulikuwa 22, wasichana saba. Gari dogo lilitufuata likiwa limebeba maji, mipira ya akiba, pampu na wauguzi wawili wa kujitolea.

Si wote waliolifurahia jambo hili. Mwenzangu wa bwenini aliniuliza swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu: "Dada, baiskeli itamponya nani?" Kisha akapiga hesabu. Fulana 22, mafuta ya gari, chakula na malazi ya siku nne. Fedha hizo, alisema, zingewalipia nauli wagonjwa kadhaa kutoka Mbarara hadi Mulago na kurudi.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Barabara tuliyokusudia kuipita ndiyo barabara ya wagonjwa wa magharibi na kusini-magharibi mwa Uganda. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967, na kwa miaka mingi Mulago ndipo palipokuwa mahali pekee pa umma nchini pa kupata tiba ya mionzi. Mwaka 2016 mashine yenyewe ilipoharibika kabisa, wagonjwa walikuwa hawana pa kwenda ila nje ya nchi. Mtu wa Lyantonde au Mbarara anayeandikiwa tiba hiyo hupanda basi usiku ili awahi foleni ya asubuhi. Sisi tungetoka Mulago kuelekea walikotoka wao, tukiwa wazima, tukiwa na fulana mpya. Ukilitazama hivyo, jambo lenyewe lina aibu yake.

Jibu la kwanza nililipata maktabani. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, uvimbe ambao leo unajulikana duniani kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walitoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri maili 10,000 kwa wiki kumi, wakipita hospitali zaidi ya 50 kuelekea kusini mwa Afrika. Walibeba picha na swali moja: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Kutokana na majibu waliweza kuonyesha kwamba ugonjwa huo hufuata joto na mvua, na kwamba hupungua penye miinuko na baridi. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Kampala hadi London ndivyo vilivyowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kuvigundua mwaka 1964 virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Nilijifunza kwamba yako mambo kuhusu saratani ambayo hayajulikani mpaka mtu atoke aende kuuliza. Burkitt aliwauliza madaktari. Sisi tungeweza angalau kuwauliza akina mama sokoni.

Tulitoka alfajiri ya Alhamisi. Kutoka Kampala hadi Kyengera hakuna starehe yoyote: malori, mabasi, bodaboda na vumbi. Baada ya Nsangi barabara hupata nafasi, lakini vilima havimalizwi. Mpambire, wanakotengeneza ngoma, mafundi walitupigia moja tukipita, na miguu ikapata nguvu ya dakika kumi. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kiti cha baiskeli ni kitu cha kuheshimiwa.

Niseme pia kwamba kwetu wazee wengi hawapendi kumwona msichana amepanda baiskeli. Mwanamke hubebwa nyuma, tena ameketi upande. Nilidhani jambo hilo lingetuletea matusi njiani. Badala yake lilituletea watazamaji. Tuliposimama Buwama kunywa maji, wanawake walitoka vibandani kuwatazama wasichana saba wenye jasho, na mmoja akauliza: "Nani amewafanyia nini mpaka mnaadhibiwa hivi?" Tukacheka. Kisha tukamjibu, na katika kumjibu tukajikuta tumeanza kazi tuliyoijia.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango wetu. Mtu akija na gari lenye kipaza sauti, watu humsikiliza kwa masikio wakiendelea na shughuli zao. Mtu akija amechoka, anaomba maji, anapewa kiti. Na aliyepewa kiti huulizwa habari zake.

Usiku wa kwanza tulilala Kayabwe, karibu na pale ikweta inapokatiza barabara. Usiku huo tulibishana kuhusu maneno. Katika kundi letu walikuwamo Waacholi, Walugbara, Wagisu, Wanyankole, Baganda na Wanyarwanda wawili, na lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili. Wazazi wetu wengi bado wanakikumbuka kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Sisi tulikitumia kuulizana nani ana pancha na nani amebakiza glukosi. Sasa tulitaka kila mmoja aweze kuueleza ugonjwa ule ule bila kumwaibisha msikilizaji, na kumbe kila lugha ina njia yake.

Kiswahili kinasema "mlango wa kizazi". Kiganda kinasema "omumwa gwa nnabaana", yaani mdomo wa mama wa watoto. Lugha moja imeona mlango, nyingine imeona mdomo, na zote mbili zimetamka kwa adabu kitu ambacho watu hudai hakitamkiki. Saratani yenyewe ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mnyama wa majini mwenye makucha. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Kiganda huuita kookolo. Nilikumbuka kwamba ssenga aliyajua maneno haya yote ya Kiganda, na aliyatumia kuwafundisha wengine. Hakukosa neno. Alikosa mtu wa kumwambia neno hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kuambiwa.

Siku ya pili tulivuka kinamasi cha Lwera. Upepo hutoka ziwani bila kizuizi, na wachuuzi husimama kando ya barabara wakiinua samaki juu ili abiria wawaone. Hapo tulianza kufuatana na wanaume waliobeba matoke. Baiskeli zao ni zile nzito za chuma ambazo watu huziita "maanyi ga kifuba", nguvu za kifua. Kila moja ilikuwa na mikungu mitano au sita, mmoja umefungwa hata kwenye usukani, na mlimani mwenyewe hushuka akasukuma. Mzee mmoja alitembea nasi mlima mzima.

"Mnalipwa shilingi ngapi?" aliuliza.

"Hatulipwi, Ssebo."

"Na mizigo yenu iko wapi?"

"Hatuna mizigo. Tunawaambia watu wakapimwe kookolo."

Alinyamaza mpaka tulipofika juu. Kisha akasema, "Mtu hawezi kupanda mlima huu bure. Basi jambo lenu ni la kweli." Hilo ndilo jibu la pili la swali la mwenzangu wa bwenini, na sijapata maneno bora kuliko ya mzee yule. Yeye alikuwa ameuendesha mlima ule mara nyingi kuliko sisi sote tukijumlishwa, bila fulana na bila kupigiwa makofi. Aliijua bei yake, na kwa kuwa aliijua, alitusikiliza.

Lukaya tulikula gonja za kuchoma. Alasiri tukafika mji wetu mdogo kabla ya Masaka, na hapa ilibidi nizungumze mimi, kwa kuwa ni kwetu. Wauguzi walikuwa wamekubaliana mapema na kituo cha afya cha pale kwamba wanawake watakaokuja wapimwe jioni ile. Nilisimama chini ya mwembe nikaeleza nilichofundishwa. Kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Uganda. Kwamba karibu kila mara husababishwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na mwanamke mwenye mume mmoja tu maisha yake yote anaweza kuvipata. Kwamba mabadiliko huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani, na katika miaka hiyo hakuna maumivu. Kwamba wasichana wa miaka kumi wanapewa chanjo nchini kote tangu 2015, kwa hiyo wasiwafiche watoto siku wanapokuja wenye chanjo.

Kisha nikaeleza kipimo chenyewe, kwa maana hofu kubwa iko hapo. Muuguzi hupaka asidi ile ile iliyomo katika siki, anasubiri dakika moja, anatazama. Penye mabadiliko huwa peupe. Haichomi kwa kisu, haitoi kizazi, na mara nyingi sehemu iliyobadilika inaweza kutibiwa hapo kituoni kabla haijawa kitu kingine.

Mwishoni nikasema jina la ssenga, na nikasema alichokufa nacho. Sikuwa nimemwomba mtu ruhusa. Wengi walimjua, baadhi aliwafunda yeye mwenyewe. Kimya kilikuwa kirefu. Nilimwona mama yangu amesimama nyuma kabisa, kanga imemfunika mdomo.

Mama yangu alikuwa hajawahi kupimwa. Alikuwa amemuuguza wifi yake miezi mitano, amemwogesha, amefua mashuka yake, na bado hakuwa amekwenda. Nilikuwa nimemwomba kwa simu mara nyingi, akanijibu kila mara kwamba Mungu yupo. Jioni ile alinijia nikiwa nimepiga magoti kumsalimia, akanishika bega.

"Umemtaja," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. "Yeye ndiye angewapeleka hawa," akasema, akielekeza kidevu kwa majirani. "Haya, Nnyabo, nionyeshe foleni inaanzia wapi."

Aliingia na majirani wawili. Jioni ile walipimwa wanawake 19. Mama alitoka akasema ni jambo la dakika chache na kwamba siki ni baridi. Hakukutwa na kitu. Aliambiwa arudi baada ya miaka mitatu. Lakini wanawake wawili kati ya wale 19 walipewa barua za rufaa. Mmoja, mama wa watoto wanne muuza nyanya, alitoka na karatasi yake mkononi, akamwendea muuguzi wetu, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Sasa nimesema. Nauli nitaipata wapi?"

Swali hilo lilitufuata siku mbili zilizobaki. Lilikuwa nami kwenye joto la Kyazanga. Lilikuwa nami Lyantonde, ambako wanaume wa kijiwe cha bodaboda walilalamika kwamba tunazungumza na wanawake tu, na fundi mmoja wa baiskeli akamvuta muuguzi pembeni kumweleza kwamba huamka mara tano usiku kwenda haja ndogo. Muuguzi alimweleza kuhusu tezi dume: kwamba kukua kwake si lazima kuwe saratani, ila hakuna ajuaye bila kuchunguzwa. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitengeneza minyororo ya baiskeli zetu tatu akakataa malipo. Tulimwambia ajitahidi aende Masaka au Mbarara. Tulisema hivyo kwa wepesi, kana kwamba Mbarara iko ng'ambo ya barabara.

Siku ya nne, baada ya Sanga, tuliwaona pundamilia wachache wametoka upande wa mbuga ya Ziwa Mburo, wanakula majani pamoja na ng'ombe wenye pembe ndefu. Saa tisa alasiri tukaingia Mbarara. Watu walipiga makofi, picha zikapigwa. Wengi wetu tulilia, wengine kwa furaha na wengine kwa magoti. Lakini usiku ule hatukulala mapema. Tulikaa tukaihesabu michango iliyobaki, tukaulizana itumike vipi.

Nilichokisema usiku ule ndicho ninachokiamini hadi leo. Methali ya wahenga humwonya mgonjwa anayeficha, na inamwonya kwa haki. Lakini mtu huficha kwa sababu. Wapo wanaoficha kwa haya, na hao safari yetu iliwasaidia: tulilitaja jina hadharani, wakaona anayelitaja hafi. Wapo pia wanaoficha kwa kuwa wamekwisha kupiga hesabu. Wanajua kwamba ugonjwa ukishapewa jina utadai nauli, siku za kukosa soko, mtu wa kulala na watoto. Kumhimiza mtu wa namna hiyo aseme, kisha kumwacha na barua mkononi, ni kumfundisha afiche vizuri zaidi mara ya pili. Uhamasishaji usio na nauli ni nusu ya kazi. Na nauli isiyo na uhamasishaji haina msafiri, kwa maana ssenga wangu alikuwa na fedha za basi sikuzote.

Kwa hiyo fedha zilizobaki ziligawanywa kwa wanawake wawili wa mji wetu. Muuza nyanya alikwenda Mulago wiki mbili baadaye. Mama yangu ndiye aliyelala na watoto wake. Tukaamua kwamba safari zijazo, kabla ya kununua fulana hata moja, nusu ya michango iwekwe kando kwa ajili ya barua za rufaa zitakazoandikwa njiani. Tukahitaji mtu mwaminifu wa kuzitunza, mtu anayejua hesabu. Nilimpendekeza yule mwenzangu wa bwenini, na alikubali kwa sharti kwamba asilazimishwe kupanda baiskeli.

Juzi alinunua daftari kubwa, akanipa niandike vichwa vya safu kwa Kiswahili ili kila mtu wa kundi aweze kulisoma. Niliandika: jina, mji, kituo kilichotoa rufaa, kiasi cha nauli, tarehe ya kurudi. Kisha nikaongeza safu ya ugonjwa. Aliniuliza kama tuandike kwa kifupi au kwa alama, ili watu wasione aibu. Nilimwambia tuuandike kwa jina lake kamili, na daftari alitunze yeye.